Grupe bila tere: mashini inaendelea kuzunguka, na hatari imeisha kuingia

Kwenye vinu vya kusaga mahindi na muhogo, kwenye ateliye za kupasua mbao na kwenye machimbo, kuna wazo ambalo mafundi wengi wanalibeba tangu siku nyingi: kwamba umeme wa grupe hauna tere, basi hauwezi kumkamata mtu. Wengine wanalionyesha kabisa. Grupe inanguruma, fundi anagusa waya ya fazi kwa kidole, miguu iko chini, na hakuna kitu kinachotokea. Wanafunzi wake wanaangalia, na somo linawaingia kichwani kwa maisha yao yote.

Jaribio hilo si uongo. Ila linafaulu kwa sababu ambazo hazidumu. Kesho yake, grupe ileile na waya ileile vinaweza kumuua fundi yuleyule, na mwenye kinu akaapa kwamba hakuna mtu aliyebadilisha kitu. Atakuwa anasema kweli.

Umeme hautafuti udongo

Watu wanasema umeme unakimbilia chini. Hapana. Umeme unatafuta kurudi kule ulikotoka, ni hivyo tu. Kwenye mitandao ya kawaida ya mjini, katikati ya transfo ya kabini, pale fazi tatu zinapokutana, kunatoka waya ya netre, na netre hiyo imefungwa kwenye udongo. Kwa hiyo udongo umekuwa barabara ya kurudi. Mtu akigusa fazi, kuran inapita mwilini, inaingia chini, inatembea hadi kwenye tere ya kabini, inarudi kwenye transfo. Mzunguko umefungwa, na mtu yuko ndani yake.

Grupe ambayo netre yake haikufungwa popote haina barabara hiyo. Inaelea. Kuran inayotoka kwenye fazi haina namna ya kurudi kwa kupitia udongo, kwa hiyo kidole cha fundi hakikamatwi. Mafundi waliosoma kwa Kifaransa wanaujua mfumo huu kwa herufi mbili, IT: ya kwanza inasema chanzo cha umeme kimetengwa na udongo, ya pili inasema karkasi za mashini zimefungwa kwenye tere. Mfumo wa kabini za mjini ni wa TT ama TN, kufuatana na namna karkasi zimefungwa.

Lakini hata katika grupe inayoelea, barabara ya kurudi ipo kidogo. Kila kable iliyolala chini ama kupita ukutani inabeba umeme kidogo kati yake na udongo, kama vile sahani mbili zinazotazamana bila kugusana. Wanaosoma umeme wanasema ni kondansateri. Kable ikiwa fupi, ni kitu kidogo sana. Kable ikirefuka, kinakua.

Hapa hesabu inasaidia. Kwenye umeme wa volti 230 kati ya fazi na netre, na 400 kati ya fazi na fazi, vitabu vya ufundi vinakadiria kwamba kilomita moja ya kable inaweza kupitisha hivyo karibu miliampea 200 wakati fazi moja imegusa udongo kabisa. Mita 50 za kable, zile za kinu kidogo, zinapitisha miliampea 10 hivi. Mtu anasikia mchomo, ama hasikii kitu akiwa na viatu vikavu, na anaendelea kujisifu. Lakini kwenye machimbo ama kiwanda chenye kilomita moja ya kable, mtu huyohuyo, tukisema mwili wake ni omu 1500, atapitiwa na miliampea zaidi ya 100. Disjonkteri diferansieli za kulinda watu zinatengenezwa kukata kwenye miliampea 30, kwa sababu juu ya hapo moyo unaweza kuvurugika na kusimama. Na hapa bado hatujafika kwenye kuharibika kokote: hiyo ni grupe nzima, kable nzima, kila kitu kizuri.

Defo ya kwanza, ile isiyosema kitu

Tuseme sasa kuna kinu chenye moteri tatu kwenye grupe moja inayoelea. Unga umejaa kwenye bobinaji ya moteri ya kwanza, unyevu wa majira ya mvua umeingia, vernisi imeliwa. Siku moja fazi ya kwanza inagusa karkasi, na karkasi imefungwa kwenye tere. Mafundi wanaita hiyo defo ya kwanza.

Kwenye umeme wa kabini, defo kama hiyo inaleta kelele: disjonkteri inaanguka, moteri inasimama, fundi anaitwa. Kwenye grupe inayoelea, hakuna. Kuran kidogo tu inapita, zile miliampea za kable. Moteri inazunguka. Taa zinawaka vilevile, kwa sababu kati ya fazi na netre bado kuna volti 230 zake. Mtu akiweka voltmeta kati ya fazi na fazi atapata 400 kama jana.

Kilichobadilika hakionekani mpaka mtu apime kati ya waya na udongo. Fazi ya kwanza sasa ni udongo. Kwa hiyo fazi mbili zilizobaki, ambazo zilikuwa zinaelea kwenye volti kama 230 kutoka udongo, zimepanda hadi 400. Na netre, ile waya ambayo kila mtu anaidharau, sasa iko kwenye volti 230 kutoka udongo. Mfumo uliokuwa unaelea hauelei tena. Umefungwa kwenye tere, ila umefungwa kwa kona mbaya, na hakuna aliyeamua.

Siku hiyo fundi wetu akirudia mchezo wake, akigusa fazi ya pili miguu ikiwa chini, anajiweka kati ya volti 400 na udongo. Kwa mwili wa omu 1500, ni zaidi ya miliampea 250. Hatapata nafasi ya kuelewa ni nini kimebadilika.

Jambo hilo linagusa hata nyumba. Katika kartye nyingi, grupe moja ndogo inapelekea nyumba tano ama sita umeme wa jioni, kila mtu analipa sehemu yake ya mafuta. Waya zinapita juu ya mabati, chini ya mawe, kwenye matope. Waya ya kwanza ikichubuka kwa jirani na kugusa bati lenye maji, kwa jirani hakuna kinachotokea. Lakini katika nyumba ya tatu, mtoto akigusa waya ya pili, anapata volti 230 zote. Wazazi wake watatafuta kosa nyumbani kwao na hawataliona, kwa sababu haliko kwao.

Defo ya pili

Defo ya kwanza inaweza kulala wiki nzima, hata miezi. Wakati huo wote, ngozi ya waya za fazi nyingine inabeba volti 400 mahali pa 230, mara 1.73 zaidi. Penye udhaifu panaanza kupasuka. Kwa hiyo defo ya pili si bahati mbaya iliyoanguka kutoka mbinguni. Ya kwanza inaisukuma ije.

Inapokuja kwenye fazi nyingine, kwenye moteri nyingine, inakuwa kama mtu ameunganisha fazi mbili moja kwa moja, ila kwa kupitia karkasi na waya za tere. Ikiwa karkasi zote zimefungwa pamoja kwa waya nene, kuran kubwa inapita na disjonkteri inakata. Ni hasara, ni moshi, lakini watu wanapona.

Ubaya mkubwa uko pale kila mashini imepewa piketi yake. Inaonekana vizuri: moteri tatu, piketi tatu, fundi amefanya kazi safi. Angalia hesabu. Piketi ya moteri ya kwanza ina omu 20, ya pili ina omu 30. Volti 400 zinasukuma kuran kupitia udongo kati ya piketi hizo mbili: 400 gawanya kwa 50, ni ampea 8. Disjonkteri ya ampea 32 haioni shida yoyote, kwake ampea 8 ni moteri ndogo inayofanya kazi. Haitaanguka hata kesho. Wakati huo karkasi ya moteri ya kwanza iko kwenye volti 160 kutoka udongo, na ya pili iko kwenye volti 240. Mama aliyekuja kusagisha, amesimama kwenye simenti yenye maji, anaegemeza mkono kwenye chuma ili amwage mahindi. Yeye hakugusa waya yoyote.

Kuna sura nyingine ya defo ambayo haizungumzwi sana: ile inayogusa na kuachia, kugusa na kuachia, kama waya iliyochubuka inayotetemeka pamoja na mashini. Kila cheche inaacha umeme kidogo umefungwa kwenye mfumo unaoelea, na umeme huo unapanda juu ya mwingine. Vitabu vya ufundi vinataja volti kati ya waya na udongo kupanda hadi mara 5 ama 6 ya kawaida. Huko Marekani viwanda vingi vilijengwa kwa mtindo huu usio na tere, kwenye volti 480, ili kazi isisimame. Baada ya kuona moteri kadhaa zinaungua kwa mfuatano bila sababu inayoonekana, viwanda vingi viliweka rezistansi kati ya netre na udongo: inaacha ampea chache tu zipite, lakini inazuia volti kupanda hovyo. Mwenye kupeleka moteri kwa mfunga bobinaji kila baada ya miezi michache, akimlaumu yeye ama kuilaumu waya ya shaba, angefanya vizuri kuuliza kwanza grupe yake imefungwa namna gani.

Inaelea bila mtu kuamua

Kwa wengi, mfumo huu haukuchaguliwa. Umetokea tu. Mjini Goma, kwa mfano, sehemu kubwa ya mji iko juu ya mwamba wa volkano, na lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita hadi katikati ya mji. Kuingiza piketi ya shaba mita moja na nusu katika mwamba kama huo ni kazi ya siku, na hata ikiingia, jiwe kavu halipitishi umeme kama udongo mweusi wa mashambani. Basi fundi anapiga nyundo, piketi inapinda, anaikata, kipande kinachobaki anakifunika kwa mchanga. Kwa macho, tere ipo. Njia nzuri zaidi mahali kama hapo ni kuchimba mfereji na kulaza waya ya shaba tupu, mita nyingi, ndani ya udongo ulioletwa, ama kuilaza chini ya msingi kabla ya nyumba kujengwa. Kisha inapimwa kwa kifaa chake, siyo kwa macho.

Mahali pengine, kinachofanya grupe ielee ni inverseri, ile swichi ya kugeuza kutoka umeme wa mtandao kwenda kwa grupe. Mchana kinu kiko kwenye mtandao, netre yake imefungwa kwenye tere kule kabini, na diferansieli inalinda. Umeme ukikatika, mwenye kinu anageuza mkono wa inverseri. Ikiwa inverseri hiyo inakata fazi tatu pamoja na netre, tere ya kabini imebaki upande mwingine. Kinu kilekile, moteri zilezile, lakini kwa sekunde moja kimetoka kwenye mfumo mmoja kwenda kwenye mwingine, na ulinzi wa mchana haupo tena.

Na diferansieli je? Inabaki ukutani, imewaka vizuri, inaonekana inalinda. Ukibonyeza kile kitufe cha kujaribu, inaanguka, na kila mtu anaridhika. Ni mtego. Kitufe kinapitisha kuran ndani ya kifaa chenyewe, kutoka waya moja hadi nyingine. Hakiulizi udongo kitu. Kwa hiyo kitajibu vizuri hata pale ambapo grupe haina tere na diferansieli haiwezi kuiona defo ya kwanza.

Nani ana sababu ya kuelea

Mfumo wenyewe si mbaya. Unatumika melini. Unatumika katika vyumba vya upasuaji, kwa transfo maalumu, ili mashini isizimike mtu akiwa amepasuliwa tumbo kwa sababu ya waya moja iliyochubuka. Unatumika kwenye machimbo yenye pampu, pale maji yanapanda juu ya watu mara pampu inaposimama. Mahali kama hapo kusimama ghafla kunaua kuliko defo ya kwanza, basi mfumo unaoelea unanunua muda.

Ila muda ulionunuliwa ni wa kutafuta defo, siyo wa kuisahau. Ndiyo maana kanuni za kimataifa zinadai mfumo kama huo uwe na mlinzi, ambaye mafundi wa Kifaransa wanamwita CPI: kifaa kinachotuma alama ndogo ya umeme kati ya waya na udongo bila kupumzika, na kupima ngozi ya mfumo mzima imebaki na omu ngapi. Ikishuka, kinawasha taa na kupiga kengele. Hakikati umeme. Kinapiga kelele tu, na kinangoja mtu. Katika chumba cha mashini ambamo kengele imefungwa kwa kitambaa kwa sababu inasumbua, ni afadhali kingekuwa hakikununuliwa.

Kengele ikilia, fundi anafungua njia za moteri moja baada ya nyingine. Ile ambayo ikifunguliwa kengele inanyamaza, ndiyo yenye defo. Kazi hiyo inafanyika siku hiyohiyo, wakati wa pumziko la saa sita kama haiwezekani mapema. Siyo mwisho wa wiki.

Kinu cha kawaida hakina sababu ya kuelea. Mahindi yanaweza kungoja. Kwa mwenye kinu, ateliye ama depo ya baridi, kilicho bora ni kufunga netre ya grupe kwenye tere iliyopimwa, kuunganisha karkasi zote kwa waya moja ya tere badala ya piketi za peke yake, na kuweka diferansieli baada ya pale netre ilipofungwa. Hapo defo ya kwanza itasema. Itasimamisha kazi, itakasirisha wateja, na hiyo ndiyo kazi yake. Fundi anayefanya hivyo lazima aangalie inverseri pia, kusudi netre isifungwe mara mbili ama isipotee inapogeuzwa, na kusudi umeme wa grupe usirudi kamwe kwenye mtandao ambako watu wanapanda nguzo wakiamini zimekatwa.

Kwa yule ambaye bado hana pesa ya hayo yote, kupima kunaanza na kidogo. Mega-ommeta ya volti 500, ambayo mafundi wengi wanaijua kwa jina la mega, inapima ngozi ya moteri ikiwa imezimwa na kufunguliwa kutoka kwenye tablo, na vifaa vya elektroniki vikiwa vimetolewa. Kwenye umeme wa volti 400, chini ya mega-omu moja ni kuirudisha kwa fundi. Mwanzoni mwa majira ya mvua ni wakati mzuri wa kupima, na tena pale ambapo panya wameonekana.

Kuna pia njia ya zamani ya taa tatu, kila moja kati ya fazi yake na tere. Zote zikiwaka sawa, hakuna fazi iliyogusa. Moja ikififia ama kuzimika na mbili kung'aa zaidi, ile iliyozimika ndiyo inaonyesha fazi yenye defo. Lakini taa ya volti 230 itaungua pale fazi nyingine zikipanda hadi 400, kwa hiyo mafundi wanaunganisha mbili kwa mfuatano kila upande. Taa hizo zenyewe ni barabara kati ya fazi na udongo, mtu asije kugusa waya akiamini bado mfumo unaelea. Na fazi zote tatu zikidhoofika pamoja, kwa unyevu uleule na unga uleule, taa zitabaki zinawaka sawa.